Natoa Shangazi

Katika nyumba ya Bibi na Babu hakuna chombo kilichowahi kuingia kikakosa undugu. Babu alikuwa mpenzi wa soko la vitu vilivyotumika. Watu wengine hutoka kunyoosha miguu wakarudi na miguu yao tu. Babu akitoka kunyoosha miguu hurudi na miguu ya meza, na siku mbili baadaye akaenda kuitafuta meza yenyewe. Na kabla chombo hakijapata pa kukaa, alikisimamisha mlangoni, akakizunguka na mikono mgongoni, kisha akakipa cheo.

Redio iliyojiwasha yenyewe na kuongea hata kama hakuna anayesikiliza iliitwa Mjomba. Friji lililokoroma liliitwa Shemeji, kwa sababu ya shemeji mmoja aliyewahi kuja kulala, na asubuhi majirani wakaja kutoa pole. Kochi kubwa jekundu liliitwa Mheshimiwa, maana lilikalia nusu ya chumba, halikufanya kazi yoyote, na kila aliyepita ilimbidi alipishe. Na kabati la nguo, pana, zito, lenye milango miwili na mguu mmoja mfupi, liliitwa Shangazi.

Mwanzoni Bibi alikuwa akicheka. Baadaye akazoea. Mwisho akawa anasema, "Mzee wangu, mfute Shangazi vumbi," au, "Shemeji anavuja tena," bila hata kuona ajabu. Mazoea yana taabu, jamani. Na siku yalipomtia taabuni, yalimtia mzimamzima.

Sasa, Babu alikuwa pia na dada yake, shangazi wa kweli, aliye hai. Alikuwa mkubwa kwa Babu, mpana wa mwili na wa moyo, na mguu wake mmoja ulikuwa na kasoro tangu utotoni, kwa hiyo alitembea kama mtu anayekubaliana na muziki fulani. Watoto wa ukoo mzima walimwita Shangazi. Bibi yeye alimwita wifi, na yeye akamwita Bibi wifi vilevile, na walipendana kuliko mawifi wengi wanavyotazamiwa kupendana.

Tangu mumewe afariki na nyumba irudi kwa wenyewe, Wifi alikuwa akikaa kwa huyu kidogo, kwa yule kidogo. Kila mmoja alimpokea vizuri, lakini alimpokea kama mgeni. Bibi aliwahi kumtembelea na akaona jambo ambalo wengine hawakuliona. Wifi alikuwa na sanduku la bluu la zipu, limesimama pembeni ya godoro, na kila alipotaka gauni alifungua zipu kidogo tu, akatoa lile la juu, akafunga tena. Alifanya hivyo kama mtu anayechota maji kwenye kisima cha jirani, hataki kuonekana amejaza ndoo.

Bibi alirudi nyumbani siku hiyo hana raha hata ya chai.

"Mzee wangu," alimwambia Babu, "dada yako aje akae hapa. Asije kutembea. Aje akae."

Babu alijikuna kidevu, macho yakamlowa. "Nilikuwa naogopa kukuomba," alisema.

"Ungeomba, ningekukasirikia kwa kuchelewa."

Basi wakampigia simu. Wifi akakataa mara ya kwanza kwa heshima, akakataa mara ya pili kwa mazoea, mara ya tatu akasema, "Haya, nitakuja Jumamosi, lakini msijisumbue."

Kazi ikabaki moja: chumba cha nyuma. Chumba hicho kilikuwa ghala la Babu. Ukifungua mlango, mapipa ya plastiki yalikusalimu, na feni isiyo na mabawa, na fremu za picha zisizo na picha. Wiki nzima Bibi alitoa vitu na Babu akavirudisha kwa kupitia dirishani, akidhani haonwi.

"Hiyo pasi ya mkaa unaipeleka wapi?"

"Naipeleka nje ipate hewa."

"Mbona unaelekea ndani?"

"Nilipotea kidogo, Mama watoto."

Mwishowe vikabaki vitu viwili tu vinavyozuia kitanda: Mheshimiwa na Shangazi. Kimoja lazima kitoke. Babu alimkalia Mheshimiwa, akashika mikono yake yote miwili, ile mikono ya kochi, akasema, "Mimi na huyu tumezeeka pamoja."

"Haya," Bibi akasema. "Basi Shangazi ndiye atakayetoka."

Hakupenda. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho.

Kwenye simu ya Bibi kulikuwa na kundi moja la watu wa mji wao lililoitwa Usitupe, Gawa. Mtu akiwa na chombo asichokihitaji alikitangaza humo, na mwenye shida nacho akaja kukichukua. Bibi alilipenda kundi hilo. Alipata humo sufuria, akatoa humo vikombe, na kwa kuwa kizuri kula na mwenzio, alikuwa amemwingiza na Wifi. Wifi alikuwa hodari wa kuwinda vya bei poa kuliko hata Babu, ingawa miaka hii alitazama tu. Angeviweka wapi?

Bibi akavaa miwani, akaketi jikoni, akaandika kwa kidole kimoja, polepole, kwa uangalifu wote:

"Natoa Shangazi. Umri umekwenda lakini bado ana nguvu. Ni mpana, mlangoni hupita kwa ubavu. Mguu mmoja ni mfupi, aegemezwe ukutani. Ana harufu kidogo ya zamani, akiwekwa juani inaisha. Nampenda sana ila nafasi hakuna. Aje mwenye mkokoteni. Ni bure."

Akatuma. Akaenda kukatakata vitunguu.

Simu ikalia. Ikalia tena. Ikaanza kulia kama mtoto aliyepakwa sabuni machoni. Bibi akafuta mikono, akarudi, akafurahi. Kumbe Shangazi ana soko!

Mmoja alikuwa ameuliza: "Samahani, anakula sana?"

Bibi akajibu: "Hali kitu. Zamani yeye ndiye aliyeliwa, na mchwa. Tukampaka mafuta ya taa, akapona."

Mwingine: "Mungu wangu! Na watoto, anawavumilia?"

Bibi: "Sana. Wajukuu wakicheza hujificha tumboni mwake."

Mwingine: "Ngazi anapanda?"

Bibi: "Peke yake hapana. Anahitaji watu wanne, mmoja amshike kiuno, mwingine atangulie na mlango."

Mwingine, kwa herufi kubwa: "LAKINI YEYE MWENYEWE AMEULIZWA?"

Hilo lilimchekesha Bibi. Watu wana mzaha! Akajibu: "Ataulizwa vipi na hana mdomo? Ana tundu la kufuli tu, na ufunguo ulipotea zamani."

Hapo kundi likanyamaza kidogo, kama darasa mwalimu mkuu anapopita. Kisha mtu mmoja akauliza kwa adabu kama kuna mwingine wa kutolewa. Bibi, kwa moyo wa ukarimu, akaandika: "Yupo Mjomba. Anaongea kutwa nzima, ila ukimpiga kofi mgongoni ananyamaza."

Zikaja nyuso za kulia, nyuso za kucheka, mikono ya kuomba, na dua. Fundi cherehani wa mtaa wa pili akaandika: "Shangazi namtaka mimi. Msimpe mtu. Nakuja."

Chini yake ukaja ujumbe mfupi, na picha ndogo pembeni ilikuwa ya uso alioujua Bibi.

"Nimesoma, wifi. Asante. Kesho sitakuja, msijisumbue na chumba. Nitajitafutia pengine."

Bibi akausoma. Akausoma tena. Akarudi juu, akasoma aliyoyaandika yeye mwenyewe: umri umekwenda, ni mpana, mguu mmoja ni mfupi, nafasi hakuna. Miwani ikateleza mpaka ncha ya pua.

"Yesu na Maria! Mtume! Wote njooni!" alipiga kelele, maana pale hakukuwa na muda wa kuchagua. "Mzee wangu! Nimemtoa dada yako!"

Babu alikuja mbio na kandambili moja. Akachukua simu, akasoma kwa sauti. Alipofika kwenye mafuta ya taa alianza kutikisika. Alipofika kwenye kiuno alilazimika kushika meza. Alipofika kwenye tundu la kufuli alikaa chini sakafuni, machozi yanamtoka, hana sauti, anapiga paja tu. Kisha akafika kwenye ujumbe wa dada yake, na kicheko kikakatika kama uzi.

"Mpigie," akasema.

Bibi akapiga. Simu ilikuwa imezimwa.

"Anajua kununa, huyo," Babu akasema kwa sauti ndogo. "Hagombani na mtu. Anaondoka tu. Akishaondoka hapo anapokaa sasa, kwa mpwa wetu, hatutajua kaenda wapi."

Hapo ndipo mlango ulipogongwa. Alikuwa Fundi cherehani. Alivaa shati lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata, alinukia manukato, na nyuma yake alivuta mkokoteni aliouazima kwa muuza maji.

"Hodi. Nimekuja kwa ajili ya Shangazi."

Bibi akamtazama juu mpaka chini. "Fundi, mbona umependeza hivyo?"

Fundi akakohoa. "Mama, ule ujumbe nimeusoma mara nyingi nisiuelewe. Nikajisemea: kama ni mtu, nimevaa. Kama ni chombo, nimekuja na mkokoteni."

Licha ya yote Bibi akacheka, akacheka mpaka akaegemea mlango. Na katikati ya kicheko hicho akapata akili. Wifi hatawasha simu. Wifi hataamini maneno, maana maneno ndiyo yaliyomuumiza. Lakini macho yake je?

"Fundi," akasema, "mwanangu, nisaidie jambo moja. Tumpakie Shangazi, lakini kwanza tumpeleke mahali."

Kumtoa Shangazi chumbani kulitaka Babu, Fundi, Bibi na wapita njia wawili walioitwa kwa nguvu. Walimpitisha kwa ubavu, kama alivyotangazwa. Mmoja alimshika kiuno, kama alivyotangazwa. Alilazwa juu ya mkokoteni chali, milango ikafungwa kwa kanga ya Bibi, na safari ikaanza kuelekea upande wa pili wa mji.

Na mji wote, inaonekana, ulikuwa kwenye lile kundi.

"Ndiye Shangazi?" muuza mkaa aliuliza.

"Ndiye!" Babu akajibu, akisukuma.

"Uuuui! Nami nilishakutukana, mama!" alisema mwanamke mmoja kutoka dirishani, mkono kichwani. "Nilikuandikia kwa herufi kubwa! Nisamehe!"

"Umesamehewa! Tena umenifurahisha, ulimtetea!" Bibi alijibu bila kusimama. Na kweli alifurahi moyoni: kumbe mtu akitangazwa bure yupo wa kuuliza kama ameulizwa.

Kinyozi alitoka na mteja wake aliyenyolewa nusu, wakasaidia kusukuma kwenye mlima. Watoto walifuata wakiimba, "Shangazi anapita, pisheni!" Mama mmoja akaweka chupa ya maji mkononi mwa Fundi akapotea hata hajashukuriwa. Babu, pumzi imemwishia lakini mdomo bado, alitangulia mbele akipungia mkono kulia na kushoto kama msafara wa harusi. Bibi alikuwa nyuma ameshika mguu ule mfupi. Alicheka, ndiyo, nani asingecheka? Lakini kila kona alijiuliza kama watamkuta.

Walimkuta. Mlango wa mpwa ulikuwa umefungwa, lakini kwenye kizingiti, kwa ndani, kupitia upenyo wa chini ya mlango, ilionekana rangi ya bluu. Sanduku lilikuwa limeshasogezwa.

"Hodi, wifi!"

Mlango haukufunguka.

"Wifi, ni mimi. Niliyekosea kuandika."

"Hukukosea," sauti ikatoka ndani, tulivu kabisa, na utulivu wake ulimchoma Bibi kuliko kelele. "Umeandika vizuri. Kila kitu ni kweli. Hata mguu."

"Wifi, chungulia dirishani. Shangazi yuko nje, amekuja kukusalimu."

"Shangazi gani?"

"Huyo uliyemsoma. Mwenye tundu la kufuli."

Kisha pazia likasogea kidogo. Jicho moja likatokea. Jicho likamwona Babu, shati limelowa. Likamwona mwanamume mgeni amependeza, ananukia hadi ndani. Likawaona kinyozi na yule mteja wa nusu kichwa. Halafu likaliona kabati, limelala chali kwenye mkokoteni, limefungwa kanga kifuani kama mzazi aliyetoka kujifungua.

Kilichotokea dirishani kilianza kama kikohozi. Kikawa mluzi. Kisha mlango ukafunguka na Wifi akatoka, ameshika mbavu, machozi yanatiririka, anayumba kwa mguu wake na kucheka kwa mwili wake wote mpana, mpaka Bibi naye akamkumbatia na wote wawili wakaketi kwenye kizingiti, juu ya sanduku, hawawezi kusimama.

"Mafuta ya taa!" Wifi alisema akipata pumzi. "Nikasema, jamani, wifi yangu, kweli, mafuta ya taa!"

Walipotulia, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, akamgeukia ndugu yake.

"Wewe. Nani alilipa kabati jina langu?"

Babu akatazama viatu vyake, akakuta bado ni kandambili moja. "Mimi, Dada."

"Kwa sababu ni nene na lina mguu mbovu?"

"Hapana." Babu alikuwa mtu wa mzaha, lakini hapo mzaha ulimwisha. "Kwa sababu tulipokuwa wadogo, tukifanya kosa, tulikimbilia nyuma ya gauni lako. Baba alikuwa hatuoni tena. Nilipoliona hilo sokoni, nikasema, hapa ndani kitu hakiwezi kupotea."

Wifi aliinuka, akaenda kwenye mkokoteni, akafanya kama wanavyofanya wajuzi wa kununua vya mkono wa pili: akagonga mbao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akanusa, akafungua kanga, akapitisha kiganja kwenye bawaba. Akafungua mlango mmoja, akachungulia ndani. Akakaa hivyo muda.

"Na huyu mlitaka kumtoa kwa nini?"

"Kitanda chako kipate nafasi," Bibi akasema.

"Wifi," Wifi akasema, bado kichwa kimo ndani ya kabati, kwa hiyo sauti ilitoka kama ya mtu aliye mbali, "kitanda napewa kila ninapokwenda. Hata godoro, hata mkeka. Lakini kabati, tangu nitoke kwangu, hakuna aliyewahi kunipa."

Bibi alikuwa ameliona lile sanduku, ameliona kabisa, na bado alikuwa ameenda kutoa kabati!

Babu akakohoa mara mbili. "Basi," akasema, kwa sauti ya mtu anayekata kidole chake mwenyewe, "Mheshimiwa ataondoka."

"Una hakika?" Bibi akauliza.

"Amekaa vya kutosha."

Wote wakamgeukia Fundi cherehani, maana alikuwa ameahidiwa, na mkokoteni ulikuwa wake wa kuazima. Fundi akamtazama Shangazi wa mbao, akamtazama Shangazi wa kweli, akatabasamu.

"Mimi nguo nazitundika kwenye msumari," akasema. "Nilikuwa nimekuja tu kuona. Lakini huyo Mjomba anayeongea kutwa, bado yupo? Kibandani kwangu kuna kimya sana."

"Ni wako," Bibi akasema. "Na kofi lake nitakufundisha."

Basi sanduku la bluu likawekwa tumboni mwa Shangazi, Wifi akapandishwa mbele ya mkokoteni kwa kelele nyingi na kukataa kwingi, na msafara ukarudi ulikotoka, wote wakisukuma.

Kesho yake asubuhi Babu alionekana uani ameshika simu, ulimi nje, anaandika. Bibi akapita nyuma yake kwa bahati. Maandishi yalisema: "Natoa Mheshimiwa. Amekaa sana, hana kazi, amechanika nyuma. Aje yeyote ambebe..."

Bibi aliipokonya ile simu kwa kasi ambayo hakuwa ameitumia tangu ujana. "Unataka tufungwe? Andika KOCHI!"

Kochi lilichukuliwa na kinyozi, na wateja wake wakalipenda. Fundi cherehani akaja kumchukua Mjomba, na mkononi alileta henga za kutundikia nguo, alizozivisha vitambaa vya rangi yeye mwenyewe ili magauni yasiteleze. Alisema zilikuwa zimezagaa tu kibandani. Hazikuwa zimezagaa, Bibi aliona mshono, bado mpya.

Mchana kutwa mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umefungwa, na kulisikika vishindo na mlio wa bawaba. Bibi hakugonga. Alikaa jikoni anachambua maharage, Shemeji anakoroma pembeni. Ndipo simu yake ikalia. Ulikuwa ujumbe kwenye kundi, umetumwa kutoka chumba cha nyuma.

"Natoa sanduku la bluu. Ni sanduku kweli, si mtu. Zipu nzima, magurudumu mazima. Mwenyewe hasafiri tena."

Majibu yakaanza kumiminika papo hapo. Wa kwanza aliuliza: "Samahani, linakoroma?"

Na Bibi, kupitia ukutani, akamsikia Wifi akicheka peke yake.